Kalunguyeye na Nyumba za Wasiokuwepo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango, milango ikawa na makufuli, na makufuli yakawa na wenyewe waliojua kuringa, Bi Sikudhani Kalunguyeye aliupanda Mlima Sheketo akiwa na mume mmoja, chungu kimoja, mtungi mmoja, kifurushi cha unga wa ulezi, na tumbo lililokaribia siku zake.

Kalunguyeye mnamjua. Ni yule mdogo anayeenea ndani ya kofia, mwenye miiba mgongoni kama brashi ya kusugulia masufuria. Ukimgusa anajikunja, anakuwa mpira, nawe unabaki unanyonya kidole.

Kule bondeni alikotoka, moto ulikuwa umepita ukala nyasi zote. Kwa hiyo alipofika mlimani hakuweza kutulia. Huku mfereji unapita chururu, chururu, katikati ya migomba. Kule udongo unatoa mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Na konokono! Wamenona, wametulia juu ya majani kama waliopakuliwa. Bi Sikudhani akawa anamvuta mumewe Shomari huku na huku, akimwonyesha kila kitu, hata mawe. Shomari alikuwa mpole, wa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho, naye akakubali kwamba mawe ya huku ni mazuri.

"Watoto watazaliwa hapa," Bi Sikudhani akasema. "Imebaki nyumba tu."

Nyumba tu. Ni kama kusema chakula kiko tayari, kimebaki kupikwa.

Maana masika yalikuwa njiani, na mvua ya Sheketo haina adabu. Inateremka na matope, mawe na magogo, na chochote kilicho kidogo kisicho na paa inaondoka nacho. Kitoto cha kalunguyeye huzaliwa hakioni, uchi, ukubwa wake kama haragwe lililolowekwa. Bi Sikudhani akawa anayatazama mawingu, kisha anajishika tumbo, kisha anayatazama mawingu tena. Yalikuwa yanakimbizana, na hakujua nani angefika kwanza.

Basi wakaanza kubisha hodi.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mzee Nyati, mwenyekiti wa mlima. Akawapokea kwa sauti iliyotikisa vikombe. Karibuni sana, wanangu, mlima huu haujawahi kumfukuza mgeni. Akawapa chai ya tangawizi, akawapa ndizi za kuchoma. Bi Sikudhani akala, akashukuru, akauliza habari ya ile nyumba ya pembeni mwa uwanja wa baraza, yenye mlango mwekundu na paa jipya, ambayo ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kwenye pembe ya mzee mwenyewe.

Mzee Nyati akacheka kwa upole. Ile ni ya mwanangu, akasema. Yuko mbali, ana shughuli nyingi. Atarudi mwisho wa mwaka.

Mwaka upi, hakusema.

Mlango wa pili ulikuwa wa Mama Tembo. Huko nako karibu, na kiti, na maziwa ya mgando. Nyumba ipo, ina baraza la mbele na mapazia yanayofuliwa kila mwezi, lakini ni ya mwanawe. Naye yuko mbali. Naye ana shughuli nyingi. Naye mwisho wa mwaka.

Wakazunguka milango kumi na mmoja. Kote walikaribishwa, kote walishibishwa, hata Shomari akaanza kunenepa. Na kote kulikuwa na nyumba nzuri ya ziada, imefungwa kufuli, inakaliwa na buibui, inamsubiri mtu ambaye ana shughuli nyingi.

Bi Sikudhani akaona basi, wachimbe shimo lao wenyewe. Akaenda kwa katibu wa mlima, Bwana Mbega, yule kima wa joho jeusi lenye pindo jeupe, ambaye hata akijikuna hujikuna kikatibu. Bwana Mbega akamweleza kutoka tawi la juu kwamba udongo wa Sheketo haupigwi jembe na mgeni. Anayeruhusiwa ni mwenyeji.

"Na mwenyeji ni nani?" Bi Sikudhani akauliza.

"Mwenye nyumba."

"Na nyumba hupewa nani?"

"Hupewa mwenyeji," akasema Bwana Mbega, wala hakupepesa macho. Wapo wanaosoma miaka mingi ili waweze kusema neno kama hilo bila kupepesa macho.

Wakarudi kukaa chini ya jani la mgomba, kando ya mfereji. Shomari akasema labda bondeni nyasi zimeshaota. Mkewe akanusa hewa. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya mvua, na ndani ya tumbo mtu alikuwa anapiga teke.

Asubuhi yake mbiu ikalia. Puuu! Puuu! Bwana Mbega alikuwa anapita mtaa kwa mtaa na baragumu, akitangaza kwamba ng'ambo ya juu udongo umeporomoka ukaziba mfereji. Kesho kutwa ni msaragambo, kazi ya wote. Kila mkazi atoke na jembe lake kabla mvua haijanyesha. Asiyetokea atatozwa faini ya mtungi mmoja wa togwa, na togwa hiyo wazee wa baraza watainywa siku hiyo hiyo, mbele yake, ili aone uchungu.

Shomari akaruka kwa furaha. Hii ndiyo nafasi yetu, akasema. Twende tukachimbe kwa bidii, wataona kwamba sisi ni watu wema, mioyo italainika.

Bi Sikudhani akamwita katibu. "Samahani, Bwana Mbega. Na sisi wageni, tusipotokea?"

Bwana Mbega akatabasamu kama anayempa mtoto peremende. "Mgeni hatozwi, bibie. Mgeni ni baraka. Kumtoza mgeni ni aibu ya mlima mzima, tangu mababu." Akaondoka na baragumu lake. Puuu!

Bi Sikudhani akabaki amesimama. Miiba ya mgongoni ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kama nywele za mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Shomari," akasema, "washa moto. Tunapika togwa."

"Ya kuwapelekea wachimbaji?"

"Ya faini."

Shomari akamtazama, akautazama unga wote waliobaki nao duniani, akamtazama tena.

"Sikiliza, mume wangu. Tukienda kuchimba watatuita wageni wema. Mgeni mwema anaagwa vizuri, anafungiwa na ndizi za njiani. Mimi sitaki kuagwa."

Shomari hakuelewa, lakini mkewe ndiye aliyesema mwisho, kwa hiyo akakubali. Wakapika uji wa ulezi, wakauacha upoe, wakatia kimea, wakaumimina mtungini na kuufunika kwa jani. Siku ya kwanza ukanyamaza. Siku ya pili ukaanza kusema peke yake: bwi, bwi, bwi.

Siku ya msaragambo ikafika. Ee, laiti mngeona! Mlima mzima ulikuwa kwenye mfereji. Mzee Nyati anasukuma mawe kwa pembe, Mama Tembo anang'oa magogo, nguruwe wa msituni wanafukua, ngedere wanapitishana udongo kwenye majani, na Bwana Mbega anasimamia. Jasho linatiririka kuliko maji.

Na juu yao kidogo, kwenye jiwe kubwa bapa, mahali ambapo hata kipofu angemwona, amekaa Bi Sikudhani. Miguu ameinyoosha. Mkononi ana hindi la kuchoma. Kata, kata, kata, anatafuna. Pembeni yake Shomari amejikunja kabisa, mpira wa miiba unaotetemeka kwa aibu.

Kwa muda kila mtu alijifanya hajamwona. Lakini mahindi ya kuchoma yana harufu.

"Mzee Nyati," Bi Sikudhani akasema kwa sauti ya kirafiki, "jiwe hilo lingekaa vizuri zaidi upande wa kushoto."

Mzee Nyati akalisukuma upande wa kulia.

"Haya. Lakini litarudi."

Jiwe likarudi. Gurugudu, likampita mzee, likaingia chubwi katikati ya mfereji na kumrushia tope mpaka kwenye kope. Ngedere wakacheka wakashika matumbo. Bi Sikudhani akapukusa punje nyingine akatafuna, akamuuliza Mama Tembo kama siku zote huwa anahema vile, au ni leo tu.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa uvumilivu wa Sheketo. Kazi ilipokwisha, hata majembe hayajaoshwa, Mzee Nyati aliitisha baraza pale pale uwanjani, mlima wote umekaa duara juu ya mawe. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka unaweza kuyagusa kwa fimbo. Hakuna aliyeyajali.

"Kwa nini hukutokea kwenye msaragambo?" Mzee Nyati akanguruma.

"Nilitokea, mzee wangu. Hata nilikushauri."

Kicheko kikapita nyuma. Mzee akakikata kwa jicho.

"Kwa nini hukuchimba?"

Bi Sikudhani akainamisha kichwa, akachora chora chini kwa kidole. "Wazee wangu, mimi nilidhani sheria hiyo hainihusu."

Hapo Bwana Mbega alishtuka, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Akainama kwenye sikio la mwenyekiti akaanza kunong'ona kwamba kuna jambo moja dogo la kuangalia. Mzee Nyati, aliyekuwa bado ana tope kwenye kope, akamwambia kazi ya katibu ni kuandika.

"Haikuhusu vipi!" akamgeukia Bi Sikudhani. "Maji ya mfereji huu unakunywa, hunywi?"

"Nakunywa."

"Kuni za mlima huu unaokota, huokoti?"

"Naokota."

"Konokono wa migomba yetu?"

"Wananona sana, mzee."

"Basi wewe ni mtu wa hapa! Wa hapa hapa, kama mimi, kama Mama Tembo, na utatozwa kama sisi tunavyotozwa!"

"Una hakika, mzee wangu? Mbele ya watu wote hawa?"

"Andika, katibu! Sikudhani Kalunguyeye, mkazi wa Sheketo, mtungi mmoja wa togwa!"

Bwana Mbega akaandika kwa mwiba juu ya jani la mgomba. Mwandiko ukawa mbaya, yeye ambaye mwandiko wake ulikuwa unasifiwa mpaka mlima wa pili.

Bi Sikudhani akajifuta jicho ambalo halikuwa na kitu. Shomari alilia machozi ya kweli, maana mpaka hapo alikuwa bado hajaelewa. Akaenda akauleta mtungi akiusukuma polepole. Wazee wakapokea. Wakanywa kwa hasira mwanzoni, halafu kwa starehe. Gwa, gwa, gwa. Togwa ilikuwa nzuri, tamu kwa mbele na chachu kwa nyuma. Mzee Nyati alirudia mara mbili, akabaki na povu juu ya mdomo.

Kisha akasimama kutamka maneno ambayo mwenyekiti wa Sheketo humtamkia kila aliyetozwa, tangu mababu:

"Faini imeliwa, kosa limekwisha. Sasa rudi nyumbani kwako, jirani, ukafunge mlango wako."

Na desturi ni kwamba wote hukaa kimya wakimsubiri. Hakuna anayeinuka mpaka aliyetozwa awe amefika kwake na mlango wake umesikika ukifungwa, ili watu wasije wakasimangana njiani. Anayeinuka kabla ya hapo, anatozwa yeye.

Hili la mlango, watoto, Bi Sikudhani hakulijua. Yeye alikuwa anataka lile jani tu, lenye jina lake na neno mkazi, ili aruhusiwe kuchimba shimo lake. Lakini aliyaona macho ya watu wote yanamtazama yeye, kisha yanatazama njia, kisha yanamtazama tena, akaelewa kwamba Mungu amemwongezea. Akabaki amesimama pale pale.

"Rudi nyumbani kwako," Mzee Nyati akarudia.

"Wapi, mzee?"

Tone la kwanza likaanguka. To! Juu ya pua ya mwenyekiti.

Mama Tembo alikuwa ameingiza mkonga ndani ya mtungi kutafuta masalia. Akautoa. Akanusa. Akanusa tena. "Togwa hii," akasema taratibu, "ni ya siku mbili."

Watu wakamtazama.

"Na baraza limekaa leo."

Akaanza kucheka. Kicheko cha Mama Tembo hakina haraka, kinaanzia kwenye nyayo. Mawe ya uwanja yakaanza kugongana. Mzee Nyati akageuka mwekundu kuliko ule mlango. Akafoka kwamba wamechezewa, kwamba faini imefutwa, kwamba huyu ni mgeni na alikuwa mgeni siku zote.

"Vizuri," Bi Sikudhani akasema. "Basi nirudishieni togwa yangu."

Wazee wakatazama matumbo yao.

"Mkishindwa, katibu aandike kwenye jani hilo hilo kwamba baraza la Sheketo limemtoza mgeni, likanywa unga wake wa mwisho, likamwacha mvuani."

"Hilo mimi siandiki," akasema Bwana Mbega kwa haraka.

Mvua ikakaza. Kila mmoja alitamani kukimbia, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake ainuke kwanza. Joho la Bwana Mbega likalowa, likamshikana mwilini, na mlima mzima ukagundua kwamba ndani ya joho lile mlikuwa na kima mwembamba sana. Huko juu, kitu kikubwa kikaanza kunguruma, na haikuwa radi peke yake. Bi Sikudhani akaushika ghafla mkono wa mumewe. Akaubana. Uso wake ukabadilika.

Shomari akautazama ule mkono. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aolewe na mke mwenye akili, hakungoja mtu aseme ndipo akubali. Akapita katikati ya uwanja, kadogo, kamelowa, akasimama mbele ya kwato za mwenyekiti.

"Mzee Nyati. Mke wangu anajifungua. Nyumba ni ile ya mlango mwekundu."

"Ile ni ya mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Mbali. Ana shughuli... atarudi mwisho wa..."

"Nyati," Mama Tembo akamkatiza. Hakuwa anacheka tena. "Acha. Wangu nina misimu saba sijamwona. Hata salamu. Nafua mapazia kila mwezi, nawaambia watu yu njiani. Na wewe unajua kwamba najua kuhusu wako. Sote humu tunajuana."

Mzee Nyati akautazama ule mlango mwekundu. Maji yalikuwa yanamteremka usoni, na huwezi kujua kama yote yalikuwa ya mvua.

"Minane," akasema mwishowe. "Wangu ni misimu minane."

Akainamisha kichwa mpaka pembe ikagusa ardhi. Shomari akautoa ufunguo.

"Akirudi, mzee," Bi Sikudhani akasema, akiuma meno, "atakuta moto unawaka na mtu wa kumfungulia. Kitanda tutampisha."

"Atakuta kelele za watoto," Mzee Nyati akanung'unika, lakini alikuwa ameshatangulia mbele kuwakinga mvua kwa kifua chake. "Haya, pita, jirani. Pita, jirani, kabla hujatuzalia barazani."

Mlango mwekundu ukafunguka. Ukafungwa. Pu!

Na lile pu lilipolia tu, baraza zima likainuka kwa mkupuo mmoja, hata wazee wenye magongo, wakatimka kila mtu kwake, tope likiruka, chapwa, chapwa, chapwa. Giza halijaingia, ndani ya nyumba ile mlikuwa na kalunguyeye sita. Mporomoko ulipita kando, ukaondoka na ule mgomba wa mfereji pamoja na jani walilokuwa wakilala chini yake.

Kesho yake asubuhi, Mama Tembo alishusha mapazia yake, akafungua madirisha, akawafagia buibui, akamtuma katibu aulize bondeni kama kuna mwingine anayetafuta nyumba. Bwana Mbega akateremka na baragumu lake. Safari hii hakuvaa joho, lilikuwa bado kwenye kamba linakauka.

Basi nanyi mkikua mkakaa kwenye baraza lenu, kumbukeni: ukimhesabu mtu siku ya kazi, mhesabu na siku ya kugawa nyumba.